Mamlaka ya Muumba na haki ya kiumbe: jibu kwa mlezi wa vijana

Swali: «Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mlezi wa vijana kanisani kwetu. Najua wewe huamini kwamba Mungu yupo, lakini nimeona unajibu bila dharau. Vijana wangu wananiuliza kuhusu mambo ya Agano la Kale ambayo leo yangeitwa ukatili, nami huwajibu kwa Warumi sura ya 9: udongo haumhoji mfinyanzi. Aliyetuumba ana mamlaka yote juu yetu, na analolitaka ndilo haki. Tena asiyeamini Mungu hana kipimo chochote cha haki. Sasa anamhukumu Mungu kwa sheria ya nani? Nijibu bila kunizunguka.»

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na yafaa yatenganishwe, kwa sababu jibu la moja si jibu la jingine. La kwanza ni kama kuumba kunampa Muumba mamlaka ambayo haiwezi kuhojiwa kwa haki; la pili ni kama mtu asiyeamini ana pa kusimama anapozungumzia haki ya Mungu. Nitakujibu nikiwa mtu anayefundisha falsafa ya dini na asiyeamini, lakini sehemu kubwa ya nitakayoyasema unaweza kuyakubali ukabaki Mkristo, maana mengi yamekwisha kusemwa na Wakristo wenyewe, na mengine yamo ndani ya Biblia unayoifundisha.

Wazo kwamba muumba ni mmiliki lina watetezi wakubwa. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliandika katika maandiko yake ya mwaka 1689 kuhusu serikali kwamba wanadamu wote ni kazi ya mikono ya Mungu na kwa hiyo ni mali yake. Ukiitazama kwa haraka, hoja hii haina kasoro, maana hata sisi tunaona ni sawa mfinyanzi kuuponda udongo na kuanza upya. Lakini tujiulize ni kwa nini tunaona hivyo. Mpita njia akiuponda udongo ule ule hatutasema ameudhulumu udongo. Tutasema amemdhulumu mfinyanzi. Udongo wenyewe haudhulumiki, awe ameuponda mwenyewe au mgeni, kwa sababu hauumii, hauogopi, wala hauna maisha ya kupoteza. Mfano wa mfinyanzi una nguvu pale tu ambapo kilichoumbwa hakiwezi kupata hasara yoyote, na binadamu si kitu cha namna hiyo.

Mzazi yuko karibu zaidi na jambo letu. Yeye humleta mtoto duniani, na kwa tendo hilo hujitwisha wajibu mwingi kuliko mamlaka anayoyapata: kumlisha, kumtibu, kumlea, na asipofanya hivyo tunamlaumu yeye kabla ya kumlaumu jirani. Locke alilijua pingamizi hili, akajibu kwamba mzazi si muumbaji wa kweli kwa sababu hajui hata jinsi mtoto anavyofanyika tumboni. Sawa. Basi tuseme siku moja wanasayansi wafaulu kuunda kiumbe chenye hisia, kinacholia kikiumizwa, na wawe wanaelewa kila hatua ya kukiunda. Sidhani kuna mchungaji hata mmoja atakayesema wana ruhusa ya kukitesa kwa kuwa ni kazi ya mikono yao. Nadhani wengi watasema kwamba hao ndio wenye deni kubwa kwake kuliko mtu mwingine yeyote. Kuumba, kwa hiyo, kunaweza kuleta mamlaka fulani, lakini huleta na madai dhidi ya aliyeumba, na hakuna hoja ninayoijua inayothibitisha la kwanza bila kulibeba la pili.

Thomas Hobbes, naye mwanafalsafa wa Kiingereza, aliuona ugumu huu kabla ya Locke. Katika kitabu chake cha Leviathan cha mwaka 1651 alikataa waziwazi kwamba haki ya Mungu ya kutawala inatokana na kuumba, akasema inatokana na uwezo usiopingika. Na ushahidi wake ulikuwa kitabu cha Ayubu, ambako Mungu anapoulizwa kuhusu mateso ya mtu asiye na kosa hataji kosa lolote, anataja misingi ya dunia na nguvu zake. Namheshimu Hobbes kwa kutoficha. Hata hivyo, anayekubaliana naye amekubali kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na kwamba tofauti ya Mungu na mtawala dhalimu ni ya kiasi cha nguvu tu. Sijakutana na Mkristo anayeimba kanisani akiwa na maana hiyo.

Kuhusu Warumi 9, naomba urudi kwenye chemchemi yake. Paulo hakuubuni mfano wa mfinyanzi. Manabii waliutumia kabla yake, na mahali ulipoelezwa kwa urefu ni Yeremia sura ya 18, ambako nabii anatumwa nyumbani kwa mfinyanzi, anaona chombo kinaharibika mkononi mwake, na kinafinyangwa upya. Soma sasa maelezo yanayofuata. Mungu anasema kwamba taifa alilolitamkia maangamizi likigeuka na kuuacha uovu wake, naye ataghairi mabaya aliyokusudia kulitenda. Kwa Yeremia, basi, mfinyanzi hubadili mkono wake kulingana na mwenendo wa udongo, na hiyo ni haki inayotazama matendo, si mapenzi matupu yasiyotoa sababu. Wataalamu wa Agano Jipya wanabishana kama Paulo mwenyewe alikusudia kuzima kila swali, hasa kwa kuwa hoja yake haiishii sura ya 9 bali inaendelea hadi mwisho wa sura ya 11, ambako neno la mwisho ni rehema kwa wote. Sitaingia katika ubishi huo. Ninachosema ni kwamba aya mbili za Warumi haziwezi peke yake kubeba mzigo unaozitwisha.

Jambo lenye uzito zaidi kwangu ni hili: kumsifu ni kuhukumu. Kila anayesema kwamba Mungu ni mwenye haki amekwisha kutoa hukumu, kwa kuwa amepima matendo fulani kwa kipimo fulani akaona yametosha. Ukimwambia kijana wako kwamba hana uwezo wa kupima haki ya Mungu, umemnyang'anya si lawama tu bali na sifa pia, maana sifa ambayo isingeweza kukataliwa kwa ushahidi wowote haielezi chochote kuhusu anayesifiwa. Hoja hii ilikuwa kiini cha ugomvi mashuhuri Uingereza katika karne ya 19. Mwanateolojia Henry Mansel alifundisha mwaka 1858 kwamba wema wa Mungu si wa aina moja na wema wa binadamu na kwamba hatupaswi kuupima kwa wetu. Mwanafalsafa John Stuart Mill akamjibu mwaka 1865 kwamba hatamwita mwema yeyote ambaye si mwema kwa maana ile ile anayoitumia kwa binadamu wenzake, na kama kiumbe wa namna hiyo anaweza kumtupa motoni kwa kukataa kumwita hivyo, basi yuko tayari kwenda huko. Watu huyakumbuka maneno ya moto kwa sababu ya ujasiri wake, lakini uzito umo katika sehemu ya kwanza.

Na kabla ya Mill alikuwapo Ibrahimu. Katika Mwanzo sura ya 18, anaposikia habari za Sodoma, anasimama mbele ya Mungu na kuuliza: «Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?» Kisha anajadiliana kuanzia wenye haki hamsini hadi kumi. Mungu hamwambii kwamba yeye ni udongo, wala hamwambii kwamba haki ni chochote ambacho Mungu ataamua. Anakubali kanuni ambayo Ibrahimu ameiweka mezani, kwamba mwenye haki asiuawe pamoja na mwovu, na mazungumzo yote yanakwenda juu ya msingi huo.

Sasa tuchukue kisa kimoja tukitazame kwa karibu. Nakiacha kile cha amri ya kuwaangamiza Waamaleki katika 1 Samweli 15, ambacho vijana wako bila shaka wamekwisha kukutajia, nachagua 2 Samweli 24, kisa cha sensa ya Daudi, kwa sababu hapo hakuna adui, hakuna vita, na hata mhusika mkuu anatoa pingamizi.

Kisa kinaanza kwa kusema kwamba hasira ya Bwana iliwaka tena juu ya Israeli, naye akamchochea Daudi awahesabu watu. Kwa nini hasira iliwaka, msimulizi hasemi. Yoabu, jemadari ambaye kwingineko hatumjui kuwa mtu wa huruma, anapinga amri ya mfalme, lakini anashindwa. Hesabu inachukua miezi 9 na siku 20. Baadaye moyo wa Daudi unamsuta, anaungama, na nabii Gadi anamletea adhabu tatu achague mwenyewe: njaa ya miaka 7, kukimbizwa na adui kwa miezi 3, au tauni ya siku 3. Daudi anasema ni afadhali kuanguka mkononi mwa Bwana kuliko mkononi mwa wanadamu. Tauni inakuja, na kuanzia Dani hadi Beersheba wanakufa watu 70,000. Daudi, ambaye ndiye aliyetoa amri, yu hai. Anapomwona malaika karibu na uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi, analia kwamba aliyekosa ni yeye, na kuuliza kondoo hawa wamefanya nini.

Swali hilo halipati jibu katika sura ile. Daudi anaununua uwanja pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, anajenga madhabahu, na tauni inazuiliwa. Kondoo 70,000 hawatajwi tena.

Watetezi wana majibu matatu, na si haki kuyapita. Wa kwanza husema watu walikuwa na dhambi zao, ndiyo maana hasira iliwaka. Lakini kama ni hivyo, sensa ilikuwa ya nini, na kwa nini idadi ya waliokufa itegemee adhabu aliyoichagua mfalme? Wa pili husema uhai ni wa Mungu na anaweza kuuchukua apendapo, kama anavyouchukua kila siku kwa maradhi na uzee. Jibu hili lingefaa kama maandiko yangesema watu walikufa tu. Lakini yanasema waliadhibiwa, na adhabu ni tendo linalodai mwenye kosa. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu ya jambo hili: serikali ya kikoloni nchini Kenya ilikuwa na sheria za adhabu ya pamoja, ambapo mifugo ya jamii nzima iliweza kuchukuliwa kwa kosa la wachache, na hakuna anayezitetea leo kwa kusema kwamba serikali ilikuwa na mamlaka. Mamlaka ndiyo iliyofanya dhuluma ile iwezekane.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi. Husemwa kwamba kisa hiki ni jinsi watu wa kale walivyoielewa tauni iliyowapata, wala si taarifa kamili ya nia ya Mungu. Ushahidi wa jibu hili umo ndani ya Biblia yenyewe, kwa kuwa mwandishi wa 1 Mambo ya Nyakati sura ya 21, aliyeandika baadaye akisimulia kisa hicho hicho, anasema aliyemchochea Daudi ni Shetani. Inaelekea naye alitatizwa na wazo la Mungu kumsukuma mtu atende kosa kisha kuadhibu kwa ajili yake. Mimi nalikubali jibu hili kuwa usomaji mzuri wa historia. Ila anayelitumia akumbuke amefanya nini: ameliangalia tendo linalohusishwa na Mungu, ameona haliendani na haki, na kwa sababu hiyo ameamua kwamba Mungu hakulitenda. Haki imetangulia, mamlaka imefuata. Hicho ndicho ulichoniambia asiyeamini hana ruhusa ya kukifanya.

Makanisa yenyewe yamefanya hivyo mara nyingi. Augustino, askofu na mwanateolojia wa kale, alifundisha kwamba watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo huhukumiwa, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote, na Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa kanisa, mwaka 1439 ulisema kwamba hata wafao wakiwa na dhambi ya asili peke yake hushuka kuzimu, japo adhabu zao hazilingani na za wengine. Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya wanateolojia wa Kikatoliki, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ilitoa hati inayosema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Hakuna aya mpya ya Biblia iliyogunduliwa katikati. Kilichokua, kwa sehemu kubwa, ni ugumu wa waumini kulihusisha jambo hilo na Mungu mwema.

Jehanamu ya milele nitaipitia kwa ufupi, ingawa vijana huiuliza zaidi. Utetezi wake wa kale hutoka kwa Anselmo wa Canterbury, aliyekamilisha mwaka 1098 kitabu chake kuhusu sababu ya Mungu kuwa mtu, na baada yake Thoma wa Akwino: ukubwa wa kosa hupimwa kwa hadhi ya aliyekosewa, Mungu hana mwisho, basi kosa dhidi yake halina mwisho. Anselmo aliishi katika jamii ya mabwana na watumwa wa ardhi, ambako kumpiga bwana na kumpiga mkulima hayakuwa makosa sawa mbele ya sheria. Sisi tumeiacha kanuni hiyo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na hakimu anayempa mtu kifungo kirefu zaidi kwa kuwa aliyeibiwa ni tajiri angeonekana ameipotosha kazi yake. Kuhusu Kristo kuadhibiwa badala ya wengine, niseme tu kwamba faini inaweza kulipwa na ndugu, lakini kifungo hakuna hakimu anayemruhusu ndugu akitumikie. Na Ezekieli 18 inasema vivyo hivyo, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake wala baba uovu wa mwanawe. Fausto Sozzini, mwanateolojia wa Kiitaliano aliyelipinga fundisho hilo katika karne ya 16 kwa hoja zinazofanana na hizi, alikuwa mtu wa kuamini Mungu.

Nije kwenye swali lako la pili, la kipimo. Sehemu ya jibu umekwisha kuiona: katika yote niliyoyasema sikuleta kipimo kutoka nje. Nimetumia cha Ibrahimu, cha Daudi na cha Ezekieli, na mtu akionyesha kwamba maneno yako mawili hayapatani hahitaji kuwa na neno lake la tatu. Lakini umenitaka nisikuzunguke, kwa hiyo nitasema pia ninachokiamini mimi. Naamini kwamba maumivu ya kiumbe ni sababu tosha ya kutoyasababisha bila haja, na kwamba sababu hiyo haihitaji kutiwa sahihi na mamlaka yoyote. Wanafalsafa wasioamini hawajakubaliana jinsi ya kuieleza misingi ya jambo hili hadi mwisho, na anayedai kwamba wamekubaliana anakudanganya. Ila msimamo wa amri ya Mungu hauko salama zaidi. Ukiniambia lililo haki ni haki kwa kuwa Mungu ameliamuru, nitakuuliza kwa nini nimtii. Na ukijibu kwamba ni kwa sababu aliyetupa uhai anastahili kutiiwa, umetaja kanuni ya haki ambayo haikutoka kwenye amri, kwa sababu bila hiyo amri yenyewe isingenifunga. Ralph Cudworth, kasisi wa Kianglikana wa karne ya 17, aliieleza hoja hii vizuri kuliko mpagani yeyote.

Wako wanaosema kwamba haki si amri ya Mungu bali ni tabia yake, kwamba yeye mwenyewe ndiye wema. Nakiri kwamba huu ni msimamo wenye nguvu kuliko ule ulioniandikia. Angalia tu unakokupeleka. Robert Adams, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, aliifuata njia hiyo tangu mwaka 1973, akasema kwamba amri za Mungu hutufunga kwa kuwa ni amri za Mungu mwenye upendo. Na kama amri ingekuwa ya ukatili kwa ajili ya ukatili, kuivunja kusingekuwa kosa. Mtu anayesema hivyo hawezi tena kuwanyamazisha vijana kwa mfano wa mfinyanzi, kwa sababu inambidi kila mara aulize kama amri aliyoisikia inafanana na upendo.

Sijathibitisha kwamba Mungu hayupo, wala sikukusudia. Anaweza kuwapo na kisa cha sensa kikawa simulizi la wanadamu. Anaweza pia kuwapo na asiwe mwenye haki, jambo ambalo wengi wa pande zote mbili hawalifikirii kwa kuwa halimpendezi yeyote. Kutoamini kwangu kunatokana na sababu nyingine pia. Nilichotaka kuonyesha ni kwamba swali la haki halifungwi kwa kutaja mamlaka.

Ama kuhusu vijana wako, ningependa uwasomee Ayubu hadi sura ya mwisho, si hadi sura ya 38 tu ambayo wahubiri huipenda. Marafiki wa Ayubu walimtetea Mungu kwa sura nyingi: kwamba hakosei, kwamba anayeteseka lazima ana kosa, kwamba binadamu hana la kusema. Ayubu alimshtaki Mungu waziwazi na kudai kesi yake isikilizwe. Katika 42:7 Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu. Ni kweli kwamba Ayubu alikuwa amekwisha kutubu mavumbini, na wafasiri wanatofautiana sana kuhusu alitubu nini. Lakini walioambiwa wapeleke ng'ombe 7 na kondoo dume 7 kuwa sadaka, na kumwomba Ayubu awaombee, ni wale watetezi.